Waulize Siku Waliyofungwa

Kwa wiki nne sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: kocha ambaye mashabiki wanampenda, ndiye kocha anayefanana nao? Asubuhi nikiamka niliona ni jambo moja. Jioni nikirudi nyumbani nilikuwa na hakika kwamba ni mambo mawili, na kwamba nitachagua lile lisilofaa, na timu itakufa mikononi mwangu.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoipokea kamati ya timu ya mpira ya chuo. Mimi nimestaafu. Najua neno hilo linachekesha likitoka kwa mtu wa miaka ishirini na minne, lakini miaka mitatu ya ukatibu wa timu inazeesha. Digrii nimepata, kazi ya ofisini nimepata huko Bankstown, na funguo za stoo ya mipira nimezikabidhi. Mwenyekiti wenu mpya aliniomba niwaandikie mambo mawili matatu kuhusu kuajiri kocha, maana siku moja na ninyi mtaajiri. Niliandika kurasa kumi na moja. Hizi ndizo zilizobaki baada ya kuondoa wasiwasi wangu, au sehemu yake.

Kwanza mjue timu ni ya nani. Kwenye karatasi ni ya chuo. Uwanjani, pale Rooty Hill, ni ya watu wa viti vya kukunja. Mtawakuta Jumamosi wamejipanga pembeni ya mstari: wauguzi wa Kikenya waliotoka zamu na bado wamevaa viatu vya kazi, Watanzania wenye hotpoti zao za chakula, Wakongo wenye sauti kubwa, Warundi wachache. Baadhi yao hawana mtoto kwenye timu wala chuoni. Wanakuja kwa sababu huku ugenini wiki nzima wamesema Kiingereza, na hapa kuna mtu wa kuwaamkia na kuwauliza habari za nyumbani. Jina letu la Kunguru ni wao waliolitoa. Jezi zetu za kwanza zilikuwa nyeusi zenye shingo ya kijivu, na Mzee Salum alipoziona alisema, "Hawa ni kunguru wa Dar kabisa. Ole wao wenye chapati." Jina likashika. Tukicheza kwa woga hutukumbusha kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, ila wao husema kwa kejeli, siyo kwa kutusifu.

Watu hawa wana desturi mbili ambazo hazijaandikwa popote. Ya kwanza, mechi ikiisha wote wanakula, na wageni wanapakuliwa kwanza, hata kama wametufunga. Ya pili, hakuna mwenye nafasi kwenye gari anayempita mchezaji kituoni. Wachezaji wetu wengi hawana magari, na mnajua wikiendi reli inavyofungwa kwa matengenezo, mnapandishwa mabasi yanayozunguka mji mzima. Bila hizo gari za mashabiki, hatufiki uwanjani. Mimi nilidhani desturi hizi ni ukarimu tu. Ilinichukua muda kujua kwamba ndizo timu yenyewe.

Kocha aliyetangulia ndiye aliyenifundisha, bila kukusudia. Alikuwa mtu mzuri na mjuzi, aliyeletwa na ofisi ya michezo ya chuo. Alifunga kamba ili mashabiki wakae nyuma yake, wasiongee na wachezaji wakati wa mechi. Chakula akasema kisubiri, wachezaji wanyooshe viungo kwanza, na wageni waende zao. Kwa mantiki hakuna kosa. Tulishinda mechi sita mfululizo. Viti vya kukunja vikapungua kimoja kimoja, bila ugomvi, bila barua. Hakuna aliyelalamika; kwetu mtu akikasirika sana huwa anapata shughuli nyingine Jumamosi. Halafu reli ikafungwa wiki mbili zikifuatana, na saa ya mechi ilipofika tulikuwa wachezaji sita mara ya kwanza, watano mara ya pili. Mechi zote mbili tukanyang'anywa. Kocha akapata kazi kwingine, tukaagana vizuri.

Ndipo Helen wa ofisi ya michezo akaniita. Mwenyekiti wetu alikuwa mafunzoni katika hospitali moja ya mashambani, kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Helen aliniambia kwa upole kwamba kuna timu nyingine inautaka uwanja. Msimu ujao tukishindwa tena kujaza timu, uwanja unakwenda. Akasema safari hii hataleta kocha yeye. Tutafute wenyewe mtu anayeendana na watu wetu. Alitaka jina moja, lenye sahihi yangu, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, wiki nne kutoka siku ile.

Mtu wa kawaida angeuliza watu wawili watatu. Mimi nilitunga dodoso la maswali ishirini na mawili: "Taja maadili matano ambayo ungependa kocha awe nayo, kwa mpangilio wa umuhimu." Nikalituma kwenye grupu la mashabiki. Walijibu watu tisa. Wote walimtaja Mungu, wote walitaja heshima, na mmoja aliandika "Pilau" kwenye kila kisanduku. Mama Kevo, muuguzi kutoka Kisumu ambaye hupanga nani anampitia nani, alinipigia simu. Alisema yeye hana muda wa mtihani, ametoka zamu ya usiku. Kama nataka kujua wanaamini nini nije nikae nao, nibebe na kiti changu. Nilichukia kidogo. Ndiyo, alikuwa sahihi.

Waombaji walibaki wawili. Wa kwanza alikuwa Brayo, kijana wa Nakuru, mwalimu wa mazoezi ya viungo, mwenye cheti cha ukocha na simu yenye video za mechi alizoshinda. Wa pili alikuwa Mama Espérance, Mrundi wa miaka arobaini na kitu, anayefanya kazi kwenye ghala huko Seven Hills. Alikuwa amefundisha timu ya vijana ya kanisa lao kwa miaka kadhaa. Hana video hata moja.

Hapa nikafanya kosa ambalo nawaomba msilirudie. Nilifanya usaili pale pale uwanjani, mbele ya wazee, nikitumia karatasi ya alama niliyopewa na ofisi. Swali la kwanza kwenye karatasi: eleza uwezo wako. Brayo alifika na sambusa. Aliwaamkia Watanzania shikamoo mmoja mmoja, jambo ambalo Mkenya hulazimika kulikumbuka, na wazee wakayeyuka. Kisha akaeleza uwezo wake kwa dakika kumi, kwa sauti ya mtu aliyezoea usaili wa nchi hii. "Mimi ni wa watu," alisema. "Timu bila fans ni nini? Hawa wazazi ndio bosi wangu." Wakapiga makofi. Nikampa tano kati ya tano.

Mama Espérance nilipomuuliza swali lile lile alitazama wale wazee, akanitazama mimi, akasema, "Katibu, hiyo utauliza wenye walifanya kazi na mimi." Nikangoja. Karatasi ya alama inasema ungoje. Hakuongeza neno. Nikampa mbili.

Niliifikiria ile mbili siku nzima kwenye treni na kazini. Mwanamke wa rika la mama yangu, mbele ya watu wazima wenzake, nimemwambia ajisifu. Nyumbani, mtu anayejisifu mbele ya wazee tunasema hakulelewa. Mimi nimempa alama ndogo kwa sababu alilelewa. Lakini basi Brayo naye ana kosa gani? Kujifunza jinsi ya kujibu maswali siyo dhambi, na mimi mwenyewe nilipata kazi hivyo hivyo. Mnaona jinsi kichwa changu kinavyokwenda.

Nikaamua kuwapigia simu wadhamini waliowaandika kwenye maombi yao. Watatu wa Brayo walisema ni mtu wa watu, mchapakazi, hana neno na mtu. Watatu wa Mama Espérance walisema ni mama mzuri, mchapakazi, hana neno na mtu. Niliandika yote, nikaweka karatasi mbili sambamba mezani, na sikuona tofauti ila majina.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na kiti changu, nikakiweka karibu na Mzee Salum. Mzee Salum ni mtu wa Tanga, dereva wa basi huku, na ndiye mwenye gari la viti vinane. Mwanawe Juma ni winga wetu wa kulia. Akitikisa kichwa, viti kumi vinatikisika naye. Nilimweleza juu ya zile simu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Wewe binti umesoma nini chuo?" aliniuliza. "Nani kwetu atakwambia kwenye simu kwamba fulani hafai? Umzibie riziki mtu, wewe utamjibu nini Mungu?"

Nikamuuliza sasa nifanyeje. Akasema nisiwaulize wanamwonaje. Niwaombe wanisimulie. "Waulize siku waliyofungwa. Kipenga cha mwisho kimelia, mmefungwa. Alifanya nini? Hapo watasimulia tu, na wala hawatajua kama wamesema kitu."

Wadogo zangu, kama mtasahau kurasa zote hizi, shikeni hilo. Linafaa hata kwa kutafuta mtu wa kupanga naye nyumba. Nilirudi kwenye simu. Mdhamini wa Brayo alisimulia kwa furaha na kwa sifa: ah, yule jamaa hapendi kushindwa kabisa, siku tuliyopigwa nne aliingia kwenye gari akaondoka bila kuaga, koni za mazoezi tuliokota sisi. Mdhamini wa Mama Espérance alifikiri kidogo. Alisema siku hiyo mvua ilikuwa kubwa, na vijana hawakutaka kula na waliowafunga. Mama akapakua sahani mwenyewe, akampelekea kipa wa wale wengine, akakaa naye chini ya mwavuli. Basi vijana wakaona aibu, wakaja.

Mngedhani hapo nilimaliza. Hapana. Nilijiambia kisa kimoja siyo ushahidi. Labda Brayo alikuwa na mgonjwa nyumbani. Nikampa kila mmoja Jumamosi moja ya majaribio, mechi ya kirafiki, mashabiki wote wakiwepo.

Jumamosi ya Brayo tulishinda tatu bila. Alikata ile kamba kwa mkasi, mbele ya watu, nao wakaimba. Aliwaomba akina mama ushauri kuhusu mabadiliko. Alikula sahani mbili. Mama Kevo, ambaye si rahisi, alisema, "Huyu kijana ametulia." Kwenye grupu siku ile ilikuwa Brayo, Brayo, Brayo. Nilikuwa karibu kuandika jina lake. Kitu kimoja tu kilinikaa moyoni: wageni walipakuliwa mwisho, kwa sababu sisi tulikuwa tunaimba, na yeye alikuwa katikati yetu. Hakuna aliyeona. Hata wenye desturi hawakuona.

Jumamosi ya Mama Espérance tulifungwa mbili kwa moja. Na hilo siyo baya zaidi. Alimweka Juma benchi kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho, winga wetu bora, bila kusema kwa nini. Baba yake amekaa hatua kumi kutoka pale. Mashabiki walianza kwa utani, wakimuuliza kama amemsahau mtu. Kipindi cha pili utani ukaisha. Mtu mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba huyo mama ana roho ya mawe. Yeye alisimama mikono nyuma, akitazama mpira. Mechi ilipoisha alichukua sahani, akawapakulia wageni, akaokota koni.

Nilimfuata kwenye koni. Nilimwambia kwamba watu wamekasirika na kwamba angenipa sababu ningewaeleza.

"Hiyo iko kati yangu na Juma," alisema.

"Mama, utakosa kazi hii."

"Basi nitakosa." Akanipa koni nibebe.

Mzee Salum alinipigia Jumatatu. Hakupandisha sauti, hajawahi. Alisema mimi ni msomi na uamuzi ni wangu, ila yeye ni mtu mzima, hawezi kukaa Jumamosi nzima kumtazama mwanawe anadhalilishwa mbele ya watu bila neno. Kama ni yule mama, basi yeye Jumamosi ana shughuli. Mnakumbuka nilivyosema kuhusu shughuli za Jumamosi. Akiondoka Mzee Salum, gari la viti vinane linaondoka, na nyuma yake mengine. Hesabu ilikuwa rahisi: nikimchagua kocha huyo, huenda tukawa sita tena, na uwanja unakwenda.

Jumatano nilimtafuta Juma chuoni, nikamkuta kantini. Juma anaelewa Kiswahili chote na anajibu kwa Kiingereza chote, lakini siku hiyo alijibu kwa Kiswahili, na ndipo nikajua jambo ni zito. Nilimuuliza kama anajua kwa nini aliwekwa benchi. Akachezea kijiko muda mrefu. Akasema Jumamosi asubuhi alikuwa anaendesha gari lake jipya, peke yake. Treni hazikuwepo. Alipita kituo cha Seven Hills akawaona wenzake wawili wamesimama kungoja basi la reli. Alikuwa amechelewa, na muziki ulikuwa mzuri, na akajiambia kuna mtu atawachukua. Alipita. Hakumwona Mama Espérance, aliyekuwa amesimama hapo hapo na begi la mipira. Wote watatu walifika kwa basi.

"Alikwambia nini?" nikamuuliza.

"Aliniambia, leo utakaa na mimi, ujue kungoja kukoje. Akasema hatamwambia Baba. Akasema nimwambie mwenyewe, nikiwa tayari."

"Umemwambia?"

"Bado, dada."

Nilitoka pale na jibu langu, na mara nikaanza kulitilia shaka. Mashabiki walikuwa wamempenda mtu aliyesema yote wanayoyaamini, na wakamkasirikia mtu aliyeyatenda kuliko wao wenyewe. Je, mimi nina haki gani ya kuwaambia nani anafanana nao? Na nikimweleza Mzee Salum kisa cha Seven Hills, ataridhika mara moja. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuokota watu vituoni. Neno moja kwenye simu, na kila kitu kinatulia. Lakini siri haikuwa yangu. Mama Espérance alikuwa tayari kukosa kazi kuliko kumwaibisha kijana mbele ya baba yake. Nikiisema mimi ili nimpatie kazi, nitakuwa nimempatia kazi kwa kuvunja kile kilichonifanya nimtake.

Kwa sababu najua mtauliza: Juma alimwambia baba yake, lakini wiki tano baadaye. Jumamosi nne za mwanzo za msimu, kiti cha Mzee Salum hakikuwepo. Tulijaza timu kwa shida. Mama Kevo alifanya safari mbili mbili na mimi nilijifunza kuendesha gari. Jumamosi ya tano lile gari la viti vinane liliingia limejaa, na ndani yake kulikuwa na wachezaji wawili wa wapinzani aliowakuta kituoni. Hakusema lolote kwangu. Alimpelekea Mama Espérance chai. Na Brayo anafundisha timu nyingine, wanashinda, na tukikutana hunitania kwamba nilimnyima kazi kwa sababu ya koni. Namwambia ni kweli.

Lakini Ijumaa ile sikujua hata moja kati ya hayo. Nilikuwa na karatasi ya alama iliyosema tano kwa mbili, grupu lililosema Brayo, mzee ninayemheshimu aliyesema ana shughuli, na swali alilonipa yeye mwenyewe. Tulifungwa. Alifanya nini? Aliwapakulia wageni, akaokota koni, akanyamaza.

Saa tano na nusu niliandika barua pepe kwa Helen, mistari mitatu, jina moja. Niliisoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Nikaituma. Kisha nikampigia Mzee Salum kabla hajasikia kwa mtu mwingine, nikamwambia ni Mama Espérance, na kwamba sababu zangu sitaweza kuzisema zote. Alisema, "Haya, mwanangu," akakata.

Halafu nikampigia Mama Espérance mwenyewe. Alikuwa ghalani, mashine zinapiga kelele nyuma yake. Nilimwambia kazi ni yake, aanze kesho, Jumamosi. Nilitegemea aulize mkataba, au kama Mzee Salum bado amekasirika, na nilikuwa na majibu yameandikwa kwenye karatasi.

"Kesho hakuna treni," alisema. "Weye utafika na nini?"

Nilimwambia nitapanda basi la reli.

"Hapana. Mume wangu ananipa gari. Simama Seven Hills saa moja na nusu."

Nilisimama pale saa moja na robo.